Paul Panda Farnana: Mkongomani aliyevuka baridi nne za vita



Sisi tunaoishi Baraka tumezoea joto la Ziwa Tanganyika. Mchana tunatafuta kivuli, usiku tunatafuta upepo. Lakini tukiinua macho tunaona milima, na nyuma yake nyanda za juu za Itombwe na Minembwe, ambako hakuna alalaye vizuri bila blanketi. Wengi wetu tumewapokea ndugu walioshuka kutoka huko kwa ajili ya vita. Wanaposimulia safari yao, si kila mara wanaanza na risasi. Mara nyingi wanaanza na usiku waliolala porini mvua ikinyesha, na mtoto aliyeanza kukohoa kabla hawajafika bondeni. Na vijana wanaobeba silaha huko juu, wawe wa jeshi la serikali au wa kundi lolote lile, nao baridi haiwaulizi ni wa upande gani.

Kwa sababu hiyo tumeona vema mara hii tukumbuke maisha ya Mkongomani mmoja aliyeijua baridi ya vita kuliko karibu wote waliozaliwa katika nchi hii. Ni Paul Panda Farnana. Watu wa historia wanamtaja kama Mkongomani wa kwanza kupata diploma ya masomo ya juu Ubelgiji, na kama mmoja wa wa kwanza waliosema hadharani kwamba Wakongomani washirikishwe katika utawala wa nchi yao. Yote hayo ni kweli. Lakini kati ya diploma na siasa kuna miaka minne ambayo huwa inapitwa haraka, nayo ndiyo tunayotaka kuitazama.

Mtoto wa Nzemba

Panda alizaliwa mwaka 1888 huko Nzemba, karibu na Banana, mahali ambapo mto Kongo unaingia baharini. Baba yake alikuwa chifu. Mwaka 1900, akiwa na miaka kumi na miwili, ofisa Mbelgiji aitwaye Jules Derscheid alimchukua akampeleka Ulaya. Huko Brussels alilelewa na Louise, dada ya ofisa huyo, naye akamsomesha kama mtoto wa nyumbani.

Watoto wengi wa Kiafrika waliopelekwa Ulaya zama zile walipelekwa ili waonyeshwe kwenye maonyesho, au wafanywe watumishi wa ndani. Panda alipata mlango mwingine. Alisoma Ixelles, kisha akaingia shule ya kilimo cha bustani ya Vilvoorde, akahitimu mwaka 1907. Baada ya hapo alikwenda Nogent-sur-Marne, Ufaransa, kujifunza kilimo cha nchi za joto.

Mwaka 1909 alirudi Kongo kama mtumishi wa serikali ya koloni, akawekwa kwenye bustani ya mimea ya Eala, karibu na mji ambao leo ni Mbandaka. Hapo aliona kwa macho yake jinsi watu wake walivyotendewa, na jinsi yeye mwenyewe, pamoja na elimu yake yote, alivyohesabiwa. Alikuwa Ubelgiji tena mwaka 1914 vita vilipofika.

Namur, mwezi wa nane

Wajerumani waliingia Ubelgiji tarehe 4 mwezi wa nane 1914. Serikali ya Ubelgiji haikuwaleta Ulaya askari wa Force Publique. Wakongomani waliopigana huko walikuwa wachache, kama thelathini hivi, watu waliokuwa tayari wanaishi Ubelgiji. Baadhi yao, na Panda akiwemo, waliingia katika kikosi cha kujitolea kilichoongozwa na Kanali Chaltin, mzee wa vita vya Kongo. Mwingine aliyekuwa pamoja naye ni Albert Kudjabo, mzaliwa wa Kilo huko Ituri, ndugu yetu wa mashariki kabisa.

Walipelekwa kuulinda mji wa Namur, uliozungukwa na ngome. Mizinga mikubwa ya Wajerumani ilizivunja ngome hizo kwa siku chache tu. Mji ulianguka tarehe 23 mwezi wa nane. Panda na Kudjabo walikamatwa, wakapelekwa Ujerumani kuwa wafungwa wa vita.

Tuelewe vizuri jambo hili. Walikamatwa katikati ya kiangazi cha Ulaya, wakati mtu anatembea na shati moja. Hakuna aliyewaandaa kwa yale yaliyokuwa yanakuja. Watu wengi walidhani vita vitakwisha kabla ya Krismasi. Havikuisha hata mwaka 1918 ulipokaribia mwisho. Kati ya kukamatwa na kufunguliwa kulikuwa na majira manne ya baridi.

Jinsi majeshi yanavyopambana na baridi

Kwa msomaji wa Baraka, baridi ya Ulaya si rahisi kuifikiri. Maji ndani ya ndoo yanakuwa jiwe. Ardhi inakuwa ngumu hata jembe haliingii. Mtu aliyelowa na akakaa bila kusogea anaweza kufa usiku uleule bila kuguswa na risasi.

Majeshi yamejifunza somo hili kwa kulipa gharama kubwa. Napoleon aliingia Urusi mwaka 1812 na jeshi kubwa kuliko yote ya zama zake, akatoka na mabaki yake. Njaa, magonjwa na baridi viliua kuliko panga. Mwaka 1941 majeshi ya Ujerumani yalifika karibu na Moscow bila nguo za kutosha za baridi, kwa sababu wakubwa wao walitegemea kushinda kabla theluji haijaanguka.

Katika vita alivyokuwamo Panda, adui mkubwa wa askari katika mahandaki ya Ubelgiji na Ufaransa alikuwa maji baridi miguuni. Askari alisimama siku mbili tatu katika matope, viatu vimemkaza, damu haifiki kwenye vidole. Mguu unavimba, unakufa ganzi, mwishowe unaoza na kukatwa. Katika majira ya kwanza ya baridi Waingereza peke yao walipata wagonjwa wa namna hii karibu 20,000.

Dawa waliyoipata haikuwa ya ajabu. Waliweka mbao chini ili watu wasisimame majini. Walipunguza siku za kukaa mstari wa mbele. Walipeleka soksi kavu na chakula cha moto. Na waliwapanga askari wawili wawili, kila mmoja avue viatu vya mwenzake, amkaushe miguu na kuipaka mafuta ya nyangumi. Ofisa aliyekuwa na wagonjwa wengi wa miguu aliulizwa yeye, si askari. Baada ya amri hizo ugonjwa ulipungua sana. Ushujaa wa askari ulikuwa uleule wa mwanzo. Kilichobadilika ni kwamba kila mguu ulipata mtu wa kuulizwa habari zake.

Wafaransa nao walikuwa na askari wengi kutoka Afrika ya Magharibi. Walipoona wanakufa kwa kichomi, waliweka utaratibu wa kuwaondoa mstari wa mbele baridi inapoanza, wakawapeleka kusini, kwenye kambi za Fréjus na Saint-Raphaël karibu na bahari, mpaka majira mazuri yarudi. Ulikuwa utaratibu wa busara. Lakini mwezi wa nne 1917 jenerali mmoja alikuwa na haraka ya ushindi. Askari hao walirudishwa mbele kabla baridi haijaisha, wakapelekwa kushambulia kilima cha Chemin des Dames katika mvua na theluji. Mikono ya wengi ilikuwa imekufa ganzi hata kushika bunduki ilikuwa shida. Walikufa kwa maelfu. Blaise Diagne, mbunge wa Senegal, alisimama katika bunge la Paris na kulishtaki jambo hilo.

Kwa hiyo elimu ilikuwapo. Majeshi yalijua namna ya kumlinda mtu na baridi. Swali lilikuwa ni mtu gani, na nani atajibu akifa.

Na tusidhani hayo ni mambo ya Ulaya tu. Miaka ileile, watu wa Kongo walibebeshwa mizigo ya vita kuelekea mashariki, kwa safari iliyofika Tabora mwezi wa tisa 1916. Wapagazi walihesabiwa kwa mamia ya maelfu. Watu wa mabonde na misitu walipandishwa kwenye milima ya Kivu na Rwanda wakiwa na kitambaa kimoja kiunoni, na kichomi na kuhara viliwamaliza wengi. Hata hapa kwetu Fizi, mwaka 1965, wapiganaji waliopanda juu ya milima inayotazama ziwa, pamoja na wageni wao kutoka Kuba, walijifunza kwamba mlima wa Afrika nao una baridi yake.

Mfungwa

Sasa turudi kwa Panda. Mfungwa wa vita yuko chini zaidi ya askari, kwa sababu jeshi lake haliwezi kumfikia, na jeshi lililomshika linawalisha watu wake kwanza.

Kambi za Ujerumani zilikuwa safu za nyumba za mbao, wafungwa wamebanana, wanalala juu ya magodoro ya majani makavu, na jiko la makaa lisilotosha nyumba nzima. Katika baridi ya kwanza, homa ya chawa ilienea katika baadhi ya kambi, maana watu hawakuwa na nguo za kubadilisha wala maji moto ya kufulia. Baridi ya tatu, ya 1916 kuingia 1917, ilikuwa kali kuliko zote. Viazi vilikuwa vimeharibika mashambani, bahari ilikuwa imefungwa na meli za Uingereza, na Wajerumani wenyewe walikula mizizi waliyozoea kuwapa ng'ombe. Ikiwa mwenye nyumba anakula hivyo, mfungwa wake anakula nini?

Kilichowaokoa wafungwa wengi ni vifurushi. Kupitia Msalaba Mwekundu wa Geneva, majina ya wafungwa yaliandikwa, na kutoka nyumbani kwao vikaja mikate, soksi, fulana za sufu na barua. Mfungwa aliyekuwa na mama au kanisa la kumkumbuka alikuwa na nafasi ya kuishi. Lakini tufikiri juu ya kijana wa Kilo. Mama yake Ituri angemtumia soksi kwa njia gani? Angejua vipi kwamba mwanawe yuko hai?

Kulikuwa na udhia mwingine tena. Wataalamu wa Kijerumani walikuja kambini kuwapima Waafrika na Waasia vichwa, na kurekodi lugha na nyimbo zao kwa mashine. Sauti ya Albert Kudjabo ilirekodiwa hivyo, na mpaka leo imehifadhiwa Berlin. Kuna watu walioitaka sauti ya mwana wa Ituri kwa ajili ya elimu yao. Kama waliuliza pia amelala na blanketi ngapi, hilo halikurekodiwa.

Wajerumani nao waliona kwamba wafungwa kutoka nchi za joto wanakufa kwa magonjwa ya kifua. Mwaka 1917 waliwahamisha wengi wao kutoka kambi ya Wünsdorf, karibu na Berlin, wakawapeleka Rumania ambako walitumaini hali ya hewa ni afadhali. Huko nako kazi ya kulazimishwa iliwangoja.

Panda alivuka yote hayo. Vita viliisha mwezi wa kumi na moja 1918, naye akarudi Brussels akiwa na miaka thelathini.

Alichofanya aliporudi

Hapa ndipo maisha yake yanatufundisha. Mtu aliyetoka mahali kama pale ana haki ya kukaa kimya. Angeweza pia kurudi na hasira peke yake. Lakini mwaka 1919, kabla hajapata kuitwa mwanasiasa, Panda aliwakusanya Wakongomani waliokuwa Ubelgiji wakaunda chama, Union Congolaise. Kudjabo naye alikuwa mmoja wao. Jina kamili la chama lilitaja msaada kwanza, kisha maendeleo ya tabia na ya akili. Kazi yake ilikuwa kusaidiana: mwenye shida asiachwe, mgonjwa atembelewe, na asiyejua kusoma apate nafasi ya kujifunza. Wengi wa watu hao walikuwa mabaharia, vibarua na watumishi, wasio na ukoo karibu.

Tunaona hapo alama ya zile baridi nne. Aliyekaa kambini alijua tofauti kati ya mtu aliye na wa kumkumbuka na mtu asiye naye.

Kutoka hapo sauti yake ilikwenda mbali zaidi. Mwezi wa kumi na mbili 1920, katika kongamano la mambo ya koloni lililofanyika Brussels, alidai mbele ya wakubwa kwamba Wakongomani washirikishwe katika kuongoza nchi yao. Mwaka 1921 alishiriki katika mkutano wa watu weusi wa dunia uliopita Brussels, pamoja na W. E. B. Du Bois wa Marekani. Alitaka pia askari wa Kongo waliokufa vitani wapewe heshima ya wazi. Magazeti ya wakoloni yalimshambulia na kumwita mtu wa hatari. Heshima hiyo ilichelewa mno: mnara wa kuwakumbuka askari wa vita vya Afrika ulisimama Schaerbeek, Brussels, mwaka 1970, yeye akiwa kaburini miaka arobaini.

Mwaka 1929 alirudi nyumbani Nzemba. Hakujenga jumba la kifahari. Alisimamisha shule na kanisa dogo, akaanza kazi ya kukamua mafuta ya mawese. Haikudumu. Alifariki Matadi tarehe 12 mwezi wa tano 1930, akiwa na miaka arobaini na miwili, bila mke wala mtoto.

Kabla ya majira ya baridi

Panda hakuwa mhubiri, wala hatusemi kwamba alikuwa mtakatifu. Lakini jina lake la ubatizo linatukumbusha mfungwa mwingine. Mtume Paulo, mwishoni mwa waraka wa pili kwa Timotheo, baada ya maneno makubwa juu ya mbio na taji, anashuka kwenye jambo dogo kabisa. Anaomba aletewe joho aliloliacha Troa kwa Karpo. Kisha anamsihi Timotheo ajitahidi kufika kabla ya majira ya baridi. Mtume aliyeona mbinguni aliona baridi pia. Hakuona aibu kuomba nguo, wala hakuficha kwamba msaada una tarehe yake. Joho likifika baada ya baridi, limefika kwenye mazishi.

Yakobo naye anatuonya tusimwage ndugu asiye na nguo kwa kumtakia joto na shibe kwa mdomo. Na kule Malta, watu ambao hawakuwa wameisikia Injili waliwawashia moto Paulo na wenzake waliotoka baharini, kwa sababu mvua ilikuwa inanyesha na kulikuwa na baridi. Wapagani walijua la kufanya. Je, sisi?

Tunawaomba basi wachungaji, wazee wa kanisa, wakimama na vijana wa kwaya katika makanisa ya Fizi, Uvira na kwingineko, mambo matatu.

La kwanza, tujue majina. Msalaba Mwekundu ulianza na orodha. Kila kanisa la mahali lijue ni familia ngapi zilizokimbia vita ziko katikati yake, na ni nani anayelala chini bila kitu. Usiku wa milimani huwa mkali mwezi wa sita na wa saba, na mvua zinaanza mwezi wa tisa. Blanketi lipatikane kabla, si baada.

La pili, tuwakumbuke wafungwa. Gerezani kuna watu ambao mama zao hawajui waliko, kama mama wa Kudjabo. Sabuni, nguo kuukuu iliyofuliwa, na mtu wa kuuliza hali vinaweza kumrudisha mtu duniani.

La tatu ndilo zito. Katika milima yetu kuna vijana waliopelekwa vitani na watu wazima ambao wenyewe wanalala chini ya bati. Wengine ni watoto wa makanisa yetu, tuliwabatiza sisi. Kanisa si jeshi, wala hatuna kazi ya kufundisha mtu apigane vipi. Lakini tunaweza kumwambia kila anayemtuma mtoto wa mwenzake mlimani kwamba ataulizwa habari za miguu yake, za kifua chake na za mahali alipozikwa. Ataulizwa na wazazi hapa, na mbele ya Mungu ataulizwa tena. Na kijana anayetaka kushuka na kurudi nyumbani, akute mlango wa kanisa uko wazi na chai iko motoni.

Panda Farnana alivuka baridi nne, akatumia maisha yaliyobaki kuhakikisha wenzake hawazivuki peke yao. Mwaka huu nao una baridi yake, na bado haijaanza. Tuanze sisi kwanza.

Bwana awabariki.